Tairi Kubwa, Difu Ile Ile: Hesabu ya Magari ya Mizigo Hombolo

Canter iliyovuliwa tairi za 7.00R16 ikavalishwa 8.25R16 imepoteza karibu asilimia 10 ya nguvu yake ya kuvuta kabla haijapakiwa hata ndoo moja ya mchanga. Injini ni ile ile, giaboksi ni ile ile, dereva ni yule yule. Kilichobadilika ni urefu wa gurudumu, na gurudumu refu linaidai injini nguvu zaidi kila linapozunguka. Njia ya kawaida ya kulipa deni hilo ni kubadili resho ya difu. Je, kila gari lililoongezwa tairi linahitaji difu mpya? Na likihitaji, resho ipi? Kwa Hombolo, mkoani Dodoma, jibu halitoki kwenye tairi peke yake. Linatoka kwenye mzigo, njia, mwinuko wa nchi na breki.

Sababu za kuongeza tairi zinaeleweka. Magari ya Hombolo Bwawani na Hombolo Makulu hayaishi kwenye lami. Yanashuka kwenye makorongo yanayopeleka maji bwawani, lile lililojengwa mwaka 1957 kwenye Kinyasungwe Ndogo. Yanaingia mashamba ya zabibu, yanabeba mtama na alizeti, na yanapeleka mchanga na mawe kwenye ujenzi wa Dodoma ambao haujapoa tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko. Kiangazi ni mchanga na visiki, masika ni tope la mbuga. Mwenye gari anataka difu ipite juu ya jiwe, na anataka tairi inayostahimili uzito. Wapo pia wanaofunga saizi kubwa kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani siku hiyo.

Faida ya kimo, hata hivyo, ni ndogo kuliko inavyoonekana kwa macho. Tairi ya 7.00R16 ina kipenyo cha karibu milimita 778, na ya 8.25R16 karibu 860. Tofauti ni milimita 82, lakini difu inakaa katikati ya gurudumu, kwa hiyo inainuka kwa nusu tu: sentimita 4 na ushei. Sentimita 4 zinaweza kuiokoa difu na kisiki. Haziigeuzi Canter kuwa gari la porini.

Hesabu ya kuanzia

Kanuni yenyewe inaandikika kwenye kiganja: chukua resho ya zamani, zidisha kwa kipenyo cha tairi mpya, gawanya kwa kipenyo cha tairi ya zamani. Jibu ndiyo resho itakayolirudisha gari lilivyokuwa.

Tuchukue Canter yenye difu ya 5.285, yaani meno 37 kwenye krauni na meno 7 kwenye pinioni. Kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 10.5, hivyo 5.285 inakuwa 5.84. Difu ya 5.84 hutaipata sokoni. Zinazopatikana kwenye ukoo huo wa magari ni kama 5.714, ambayo ni meno 40 kwa 7, na 6.166, ambayo ni meno 37 kwa 6. Jibu la hesabu limeangukia katikati, na hapo ndipo uamuzi unapoanza.

Ukienda kilomita 80 kwa saa katika gia ya moja kwa moja, ile ambayo giaboksi haiongezi wala haipunguzi, Canter hiyo yenye 7.00R16 na difu ya 5.285 inazungusha injini karibu mara 2,880 kwa dakika. Ukiifunga 8.25R16 bila kugusa difu, mizunguko inashuka hadi 2,610. Ukiweka difu ya 5.714 inapanda hadi 2,820, karibu na ilipokuwa. Ukiweka 6.166 inafika 3,040. Tairi ikilaliwa na mzigo hupungua kimo kidogo, kwa hiyo usitegemee namba hizi mpaka tarakimu ya mwisho. Uwiano kati yake ndio wa kushika.

Mizunguko ikishuka, wengi hufurahi: injini imetulia, dizeli itapungua. Furaha hiyo ni ya gari tupu kwenye lami tambarare. Gari lenye mzigo haliwezi kukaa kwenye gia ya mwisho, linarudi gia ya nyuma yake, na huko mizunguko inapanda kuliko ilivyokuwa mwanzo. Mwenye gari anabaki na giaboksi ya gia tano ambayo ya tano ni pambo. Ukitaka kujua kama gari lako limefika hapo, usimuulize muuza tairi. Muulize dereva, au utingo wake, gia gani wanatembelea kutoka Hombolo hadi Ihumwa wakiwa wamepakia, na walikuwa wanatembelea ipi kabla ya tairi mpya.

Ugonjwa unaotibiwa pengine

Mara nyingi swali hilo haliulizwi. Gari linafikishwa gereji na maneno manne: "Fundi, gari halivuti kabisa." Jibu nalo liko tayari: "Nozeli hizo, bosi. Tukuongezee dizeli kidogo kwenye pampu." Skrubu inazungushwa, gari linatoka likiwa na nguvu kiasi na moshi mweusi mwingi. Baada ya muda linarudi limechemsha, au limekula pistoni, na lawama zinaiangukia injini.

Moshi ule una maelezo yake, na yanatokana na nchi yenyewe. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Hombolo iko mita elfu moja na kidogo. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, na mchana wa joto la Oktoba inazidi kuwa nyepesi. Injini ya dizeli isiyo na tabo, kama 4D33 ya Canter za zamani au 1HZ ya Land Cruiser, inavuta hewa inayoikuta tu. Ikipata hewa pungufu kwa asilimia 10, nguvu yake nayo inapungua kwa kiasi kama hicho. Dizeli ya ziada isiyo na hewa ya kuichoma inatokea kwenye egzosti.

Unganisha hasara mbili. Gari lililonunuliwa Dar es Salaam likaletwa Hombolo na kuvalishwa 8.25R16 linabaki na asilimia 90 ya nguvu kwa sababu ya kimo, na asilimia 90 ya hiyo kwa sababu ya tairi. Limepoteza karibu moja ya tano ya mvuto liliokuwa nao pwani. Hakuna nozeli inayorudisha moja ya tano.

Hapa kuna mtego wa kuepuka. Kama gari limefanya kazi Dodoma miaka yote kwa tairi ndogo na mwenyewe ameridhika nalo, hasara ya kimo ilikwisha kuingia kwenye maridhiano hayo. Huna haja ya kuijumlisha tena unapochagua difu. Rudisha tu kile kilicholiwa na tairi. Kimo kinahesabiwa kwa gari geni lililotoka pwani, au kwa lile ambalo hata kwa tairi za kiwandani lilikuwa linalalamika. Injini zenye tabo huumia kidogo kuliko hizo zisizo nayo, kwa kuwa tabo hufidia sehemu kubwa ya hewa iliyopungua.

Korongo ni zito kuliko mlima

Dereva akitaka kupima nguvu ya gari huutaja mlima: Sekenke kule Iramba, Nyang'oro baada ya Mtera, au Kitonga. Kwa gari la Hombolo kipimo kikali zaidi kiko chini, kwenye mchanga.

Chukua gari lenye uzito wa jumla wa tani 7. Kwenye lami nzuri tambarare, kulisukuma lisonge polepole kunahitaji nguvu kama ya kilo 70. Kwenye mwinuko wa asilimia 8 inaongezeka nguvu ya kilo 560. Kwenye mchanga mlegevu wa korongo gari hilo hilo linadai kilo 700 hata kama korongo ni tambarare, na mchanga ukiwa wa kina unaweza kudai mara mbili ya hapo. Ndiyo maana gari linalopanda milima bila shida linaweza kuzimika mita chache baada ya kuingia kwenye mchanga, huku klachi ikinuka.

Gari la mchanga na mawe, linaloshinda korongoni na kutoka lamini kwa safari fupi, linaishi kwenye gia ya kwanza na ya pili. Hata likiwa kwenye gia hizo, tairi kubwa imeirefusha kila gia kwa asilimia 10, na klachi ndiyo inayolipa. Kwa gari la aina hiyo ningechagua 6.166 bila kusita. Mizunguko itakuwa juu likifika lami, lakini litakuwa lamini kwa muda mfupi. Gari linalobeba zabibu kwenda Dodoma mjini, au mtama kwenda Kibaigwa na Morogoro, linahitaji 5.714. Kwa kasi ya kilomita 80 katika gia ya moja kwa moja, 6.166 inaisogeza injini hadi mizunguko 3,040, na 4D33 hutoa nguvu yake kamili karibu na 3,200. Gia ya mwisho itaipumzisha, ila kwa safari ya saa nyingi tofauti hiyo italipwa kwa dizeli na kelele.

Kanuni ya uchaguzi, basi, ni hii: hesabu ikiangukia katikati ya resho mbili, chagua ya nguvu kama siku nyingi za gari zinaishia kwenye vumbi, na ya mbio kama zinaishia kwenye lami. Hesabu siku zake za kazi za kweli, usihesabu safari moja ya Dar es Salaam unayoikumbuka.

Ambao hawahitaji difu

Malori makubwa yana hadithi nyingine. Lori lililotoka 10.00R20 kwenda 11.00R20 limeongeza kipenyo kutoka milimita 1,052 hadi 1,082, chini ya asilimia 3. Hata likienda 12.00R20, lenye milimita 1,122, ongezeko halifiki asilimia 7. Lori hilo likiwa na gia nane au kumi na mbili, dereva ana gia ya karibu ya kushika kila anapoihitaji, na ongezeko la asilimia 3 linapotea humo. Kulibadilishia difu ni kumtia mwenye lori hasara. Canter ya gia tano haina nafasi hiyo, kwa sababu pengo kati ya gia moja na nyingine ni pana.

Wazee walioendesha Bedford wanakumbuka suluhisho la zamani: ekseli ya Eaton yenye resho mbili ndani ya difu moja. Dereva alichagua ya nguvu akiwa na mzigo na ya mbio akirudi mtupu, bila kushuka kwenye kiti. Giaboksi za gia nyingi ndizo zilizochukua kazi hiyo.

Land Cruiser na Hilux zina gia ya chini ya magurudumu manne, na hiyo inabadilisha mjadala. Korongoni dereva anaingiza gia ya chini na kazi inaisha. Difu haihusiki sana. Shida yao iko kwenye barabara, gia ya tano inapokosa nguvu. Land Cruiser yenye difu ya 3.909 na tairi 265/70R16 ikifungwa 285/75R16, kipenyo kinatoka milimita 777 hadi 834, ongezeko la asilimia 7. Hesabu inataka 4.19, na resho ya 4.11 ya Toyota inakaribia kabisa. Lakini ile iliyokuwa na 7.50R16 ikipanda hadi saizi hiyo hiyo imeongeza asilimia 4 tu. Iache ilivyo.

Kwenye gari la magurudumu manne kuna sharti lisilo na mjadala: difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe resho moja. Ukibadili ya nyuma tu, siku utakapounganisha mbele kwenye ardhi ngumu magurudumu yatavutana, na kitakachovunjika ni giaboksi ndogo ya kugawa nguvu au shafti. Gharama ni ya difu mbili, tangu siku ya kwanza.

Spidi mita na mizani

Tairi kubwa huidanganya spidi mita. Kwenye Canter yetu, sindano ikisoma 80, gari liko 88. Sheria ya usalama barabarani ya Tanzania inayazuia magari ya biashara yenye uzito unaozidi kilo 3,500 kupita kilomita 80 kwa saa, na tochi ya trafiki haisomi dashibodi. Ukiweka difu ya 5.714 kosa linapungua hadi chini ya kilomita 2, kwa sababu kipimo kinachukua mwendo kwenye giaboksi. Hiyo ni faida ya difu ambayo watu huisahau.

Uongo huo unaingia hata kwenye daftari. Kilomita 100 za kweli zinasomeka kama 90 na nusu. Mwenye gari anagawanya lita kwa kilomita pungufu, anaona gari linakula dizeli, na dereva anashukiwa kuuza mafuta. Kabla ya kumfukuza mtu kazi, sahihisha kilomita. Vivyo hivyo oili ya injini inayobadilishwa kila kilomita 5,000 za dashibodi imetembea 5,500.

Kuhusu uzito, tairi nene haimpi mtu ruhusa ya kupakia zaidi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, inayotumika Tanzania tangu Machi 2019, inahesabu tani kwa ekseli, na gari la kuanzia tani 3.5 linatakiwa kupita mizani. Chasisi na springi nazo zina ukomo wake uliowekwa kiwandani, ambao hakuna tairi inayoubadilisha.

Breki hazirudishwi na difu

Hili ndilo jambo zito kuliko yote. Gurudumu likirefuka, ngoma ya breki inalikamata kwa nguvu ile ile lakini nguvu inayofika ardhini inapungua, kwa kiasi kile kile cha asilimia 10. Difu mpya inarudisha mvuto, na inarudisha pia nguvu ya injini na egzosti breki kulishika gari kwenye mteremko, kwa sababu hizo zinapita ndani ya difu. Ngoma hazipiti humo. Ziko kwenye gurudumu lenyewe, na upungufu wake unabaki. Gari lililobadilishwa tairi na difu linavuta kama zamani na linasimama vibaya kuliko zamani, huku dereva akijiamini zaidi. Kwa ongezeko kubwa, breki zikaguliwe, lainingi na ngoma ziwe nzima, na mzigo upunguzwe.

Kuna pia tairi pacha za nyuma. Rimu ya 7.00 ni nyembamba kwa 8.25, na tairi mbili nene zikibanana kwenye nafasi ya zamani, mbavu zake zinagusana. Pitisha kidole katikati ya pacha gari likiwa limepakiwa: kama hakipiti, tairi zinasuguana, zinashika moto polepole, na zitapasuka kwenye joto. Mwenye kununua 8.25 anunue na rimu zake.

Kuijua difu uliyonayo

Wengi wananunua difu bila kuijua waliyonayo. Kuipima si kazi kubwa. Weka gari gia huru kwenye ardhi tambarare, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au vigingi, inua gurudumu moja la nyuma na uliegemeze kwenye stendi imara, usitegemee jeki. Chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela shafti. Zungusha gurudumu hilo mizunguko 20 huku mwenzako akihesabu shafti. Kwa kuwa gurudumu la upande wa pili limesimama, mizunguko 20 ya moja ni sawa na 10 ya difu. Shafti ikizunguka karibu mara 53, resho ni 5.285; ikizunguka 57, ni 5.714; ikikaribia 62, ni 6.166.

Halafu amua kama unanunua krauni na pinioni peke yake au difu nzima ya mtumba. Krauni na pinioni huuzwa pamoja na huishi pamoja. Kuchanganya meno ya difu mbili ni kutupa fedha. Kuzipanga kunahitaji fundi anayepima mchezo wa meno kwa sehemu ndogo za milimita na kupaka rangi kwenye krauni ili aone meno yanapogusana. Akikosea kidogo, difu italia kila dereva atakapoachia mafuta, na haitadumu. Kwa magari ya kawaida ya Hombolo, difu nzima ya mtumba iliyopangwa kiwandani mara nyingi ni salama kuliko meno mapya yaliyopangwa kwa kubahatisha. Kabla ya kulipa, hesabu resho yake mwenyewe, linganisha matundu ya bolti, idadi ya meno ya shafti za magurudumu na flanji ya propela. Ikifungwa, ipewe oili ya difu iliyotajwa na kiwanda, itembee bila mzigo mzito kwa kilomita mia chache za mwanzo, kisha oili hiyo imwagwe.

Hukumu ya mwandishi huyu ni fupi. Ongezeko la kipenyo likiwa chini ya asilimia 4, acha difu ilivyo na usahihishe spidi mita. Likiwa kati ya 4 na 8, mwache dereva afanye kazi msimu mmoja, na ubadili tu kama gia ya mwisho imekufa. Likizidi 8, weka difu, breki na rimu kwenye bajeti moja na tairi. Ukiona bajeti hiyo haitoshi, rudi kwenye 7.50R16, yenye kipenyo cha karibu milimita 805: inaongeza asilimia 3 na nusu tu, inakupa kimo kidogo, na haikudai difu.